TUIJUE NCHI YETU: Kisangani, Mji Uliozaliwa na Maporomoko

Jina la Kisangani si geni kwetu Bunia. Jimbo letu limo katika Provinsi ya Kikanisa ya huko, na baadhi ya vijana wetu huenda kusoma katika Chuo Kikuu chake. Walakini ni wachache wawezao kueleza kwa nini mji mkubwa namna ile umejengwa katikati ya msitu, mwendo wa kilomita 700 hivi kutoka kwetu kwa njia ya Komanda, Mambasa na Nia-Nia.

Sababu ni mto. Toka Ubundu, maji ya Lualaba hushuka kwa maporomoko saba, mwendo wa kilomita 100 hivi, wala hapana meli iwezayo kupita. Chini ya poromoko la mwisho mto hupata jina la Kongo, na toka hapo meli zaweza kushuka mpaka Kinshasa, kilomita zipatazo 1,700. Basi kila mzigo ulikuwa hauna budi kushushwa hapo. Ndiyo maana ikajengwa reli ya kilomita 125 kwenda Ubundu, iliyomalizika mwaka 1906.

Lakini waliotangulia kuyajua maporomoko hayo ni wavuvi Wagenia. Wao husimika magogo marefu katika mashimo ya miamba, kati ya maji yaendayo kwa nguvu za kutisha, wakayafunga kwa kamba za msituni. Kisha hutundika migono mikubwa iliyosukwa, mipana mdomoni na myembamba mkiani, ikielekea maji yatokako. Samaki akisukumwa ndani na maji, hawezi tena kurudi. Wanaume hupanda juu ya magogo yaliyolowa, huogelea penye mkondo, huinua migono na kuitega tena. Mto ukifurika na kuyachukua magogo, huenda msituni kukata mengine. Wageni huita jambo hili mchezo wa kupigwa picha; mimi naliita uhandisi.

Stanley alipita hapo Januari 1877. Desemba 1883 alirudi, akaanzisha kituo na kumwacha Mskoti mmoja, Binnie, pamoja na watu wachache. Mwaka 1887 Mfalme Leopold II alimfanya Tippu Tip, mfanyabiashara wa Unguja, kuwa liwali wa mahali hapo. Mali yake ilikuwa pembe za ndovu na watumwa, wala haifai kulificha neno hilo. Kiswahili nacho kiliingia pande zile kwa misafara hiyohiyo: lugha tunayosalia leo ilipita njia moja na minyororo. Miaka kumi baadaye, 1897, Padre Gabriel Grison wa Mapadre wa Moyo Mtakatifu alifungua misioni ya Mtakatifu Gabrieli.

Zamani za Wabelgiji mji uliitwa Stanleyville, na Patrice Lumumba alikuwa karani wa posta humo. Jina la Kisangani lilishika mwaka 1966. Kabla ya hapo, mwaka 1964, vita vya Simba viliumiza sana mji na mapadre wake. Ni vita vilevile vilivyompatia Mwenyeheri Anuarite taji la shahidi huko Isiro.

Juni 2000 majeshi mawili ya kigeni, la Uganda na la Rwanda, yalipigana siku sita katikati ya nyumba za watu. Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliouawa. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325, na madhara yaliyotupata sisi wa Ituri yamo pia katika hukumu hiyo. Wenye kudai wasichoke kuuliza fedha hizo zinagawiwaje.

Atakayejaliwa kusafiri, ikiwa njia ina amani, alitazame Kanisa Kuu kando ya mto, na daraja la Tshopo. Akiona baiskeli ya kupakia abiria, ajue ndiyo toleka, yaani “tupite” kwa Kilingala. Kwa Wagenia na aende asubuhi, apatane kwanza na wazee juu ya malipo, ndipo ashuke kwenye miamba. Miamba ile huteleza sana.