Moshi wa Namanyere umeandikwa wapi?

Kila takwimu za gesijoto zinapotolewa, sisi Watanzania hujipongeza. Kwa mafuta, gesi na makaa ya mawe, Mtanzania hutoa wastani usiofika theluthi moja ya tani ya kaboni dioksidi kwa mwaka, ilhali wastani wa dunia unazidi tani 4 na wa Marekani unazidi tani 13. Hesabu hiyo ni sahihi, na dai la haki linalojengwa juu yake ni sahihi pia: aliyechafua zaidi alipe zaidi. Mashaka yangu yako kwingine. Hesabu hiyo haimwoni mama wa Namanyere anayepikia mkaa. Akinunua mtungi wa gesi kesho, itamwona kwa mara ya kwanza, na itamwandika kuwa mchafuzi.

Sababu ni ya kihasibu. Kwa mwongozo wa Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi, kaboni dioksidi ya kuni na mkaa haijumlishwi katika sekta ya nishati. Hutajwa pembeni, kisha huhesabiwa upande wa ardhi na misitu, kama upungufu wa miti. Methani na nitrasi oksidi za jikoni ndizo zinazobaki kwenye nishati. Mantiki yake ni kuepuka kuhesabu kitu kimoja mara mbili, nami siipingi. Lakini kiongozi anayesoma safu ya nishati peke yake anasoma taifa lisilopika, wakati kuni na mkaa ndiyo nishati kuu ya kaya zetu nyingi.

Tutazame mwenendo wa miaka thelathini. Katika miaka ya 1990 umeme wetu ulitegemea zaidi mabwawa kama Mtera na Kidatu. Ukame ukatufungulia mlango wa mitambo ya dizeli na mafuta mazito. Mwaka 2004 gesi ya Songo Songo ilianza kuzalisha umeme. Mwaka 2015 likakamilika bomba la Mtwara hadi Dar es Salaam, na gesi ikafikia kubeba zaidi ya nusu ya umeme wa gridi. Mwaka 2024 mitambo ya kwanza ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ikawashwa, na maji yakarudi kileleni. Wakati huo huo malori, magari na bodaboda viliendelea kuongezeka, na hivyo havitumii maji ya Rufiji.

Rukwa iko wapi katika mchoro huo? Karibu haionekani. Kwa miaka mingi umeme wa Sumbawanga umeletwa kutoka Zambia kupitia Mbala, na gesijoto ya umeme ulioagizwa huandikwa katika nchi unakozalishwa. Ukame uliopunguza mno maji ya ziwa Kariba mwaka 2024 ulitukumbusha udhaifu wa utegemezi huo, na ndiyo maana mradi wa njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga una uzito mkubwa kwetu. Baada ya umeme, kinachobaki daftarini ni dizeli ya malori ya mahindi na petroli ya pikipiki na ya boti za Kirando na Kipili. Jiko halimo.

Mkaa si mgeni Ufipa. Wazee wetu waliyeyusha chuma kwa mkaa katika matanuru marefu, malungu, ambayo mabaki yake yanaonekana hadi leo. Lakini tanuru liliwaka kwa msimu. Jiko la mjini huwaka kila siku, katika uwanda ambao sehemu kubwa ni nyasi.

Serikali imelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilipewa hadi 31 Januari 2024 kuacha kuni na mkaa. Naunga mkono. Ila tujiandae kwa matokeo yake: gesi ya mitungi ni zao la petroli na gesi asilia, hivyo safu ya nishati itapanda. Nasi tumeahidi kuwa ifikapo 2030 tutapunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 chini ya kiwango ambacho tungefikia bila hatua zozote. Siku mtu atakapotuonesha mstari unaopanda na kutuuliza ahadi iko wapi, tutajibu kwa daftari gani?

Wala jibu hilo lisigeuzwe kuwa kichaka cha kila moshi. Mkoani mwetu kuna makaa ya mawe ya Mkomolo na Namwele, na mipango ya kuyafulia umeme imewahi kuandikwa. Mwaka 1991 Anil Agarwal na Sunita Narain wa India walitutaka tutenganishe gesijoto ya kujikimu na ile ya anasa. Mimi naongeza tofauti nyingine: ongezeko linalookoa msitu na mapafu ya mpishi halina uzito sawa na ongezeko la mtambo wa makaa ya mawe wakati jua na maji vipo.

Pendekezo langu ni dogo. Kila halmashauri, kuanzia Nkasi, itoe kila mwaka ukurasa mmoja wa hesabu ya nishati: mkaa uliolipiwa vibali, mafuta yaliyouzwa vituoni, umeme uliouzwa na TANESCO, mitungi iliyopita kwa mawakala. Kuni na mkaa viandikwe kando ya mafuta, si katika tanbihi. Sehemu kubwa ya takwimu hizo tayari imo katika majalada ya Wakala wa Huduma za Misitu, ya TANESCO na ya wauzaji. Anayekosekana ni wa kuziweka meza moja. Mkaa usio na kibali hautaonekana hapo, na hiyo ni kazi ya wanafunzi wetu wanaotafuta mada ya tasnifu: waende masokoni wahesabu magunia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na msitu ni mali.