Kazi ya kwanza isiwe kazi ya bure

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee vijana wanaoanza maisha kwenye maduka ya nguo Kariakoo. Nami nilianzia huko, Mtaa wa Kongo, nikitokea Singida.

Binti huamka alfajiri Mbagala kugombania daladala, na asubuhi yuko dukani anapanga majora ya vitenge. Kutwa nzima amesimama, anakunja doti ambazo wateja wamezitazama na kuziacha. Jioni hupewa posho ya nauli na chakula. Akiuliza mshahara, anaambiwa bado anajifunza. Anajifunza nini miezi yote hiyo, ilhali tajiri akisafiri anamwachia funguo?

Linaloniuma zaidi ni fidia. Mzigo ukipungua, hukatwa yeye, hata kama siku hiyo waliokuwa wakiuza ni watu wanne.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki. Kumkata mtu kwa ajili ya hasara kunataka kwanza asikilizwe, na akubali kwa maandishi. Wengi wa vijana hawa hawajawahi kuyasikia haya, na wanaoyajua wanaogopa kufukuzwa.

Naomba maofisa kazi wapite madukani, waongee na wauzaji wenyewe pembeni, tajiri asiwepo. Na gazeti lako lichapishe haki hizi kwa lugha nyepesi, ukurasa wa mbele.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam