Tumempeleka Kusoma, Tumwache Asome

Kila mwaka Septemba ikikaribia, katika nyumba zetu nyingi hufanyika vikao visivyotangazwa redioni. Baba mkubwa hukaa kitini, mashangazi mkekani, na barua hupita mkono kwa mkono: kijana amepata chuo ng'ambo. Mwenye ng'ombe humtoa, mwenye kiwanja hukiuza, mama hukopa kwenye kikoba chake. Siku ya safari ndugu hujaa garini hadi uwanja wa ndege, dua huombwa, machozi hutoka.

Hilo ni jambo jema, na sikushika kalamu ili kulitia doa. Nimeishika kwa sababu ya yale yanayofuata. Mwezi haujaisha, simu huanza. Mpigaji wa kwanza huulizia hali na baridi. Wa pili huulizia hali, kisha ada ya mdogo wake. Wa tatu hata hali haulizii: kuna msiba, kuna harusi, kuna bati. Wazazi wenzangu, tumempeleka mtoto kama mwanafunzi, tukaanza kumsubiri kama mfanyakazi. Nasema kwa uchungu kwamba desturi hii inawala watoto wetu, na meno yake huonekana siku ile tuliyoingoja kwa hamu, siku ya baada ya mahafali.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Tuchukue Uingereza kwa viwango vya mwaka 2025. Mwanafunzi wa shahada aliyetoka nchi nyingine kwa kawaida anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Kima cha chini cha mshahara kwa mwenye umri wa miaka 21 na zaidi kilikuwa pauni 12.21 kwa saa tangu Aprili. Zidisha: ni pauni 244 kwa wiki, au takriban pauni 1,058 kwa mwezi, na hapo hajakosa hata zamu moja. Sasa fungua ukurasa wa pili wa daftari. Serikali ya nchi hiyo, kabla ya kumpa viza, humtaka aonyeshe fedha za kujikimu. Tangu Novemba mwaka huo kiwango ni pauni 1,171 kwa mwezi kwa anayesoma nje ya London, na pauni 1,529 kwa anayesoma London. Yaani kijana akifanya kazi saa zote alizoruhusiwa kwa kima hicho, bado hajafikia gharama ambayo sheria yenyewe inaihesabu kuwa ya kula na kulala tu. Basi hiyo pesa tunayomtaka atume, inatoka wapi?

Inatoka katika ada tuliyomkusanyia, au katika usingizi wake, au katika saa asizoruhusiwa. Chemchemi ya nne haipo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nchi za watu nazo humpa mgeni jembe, lakini humpimia na shamba: mwisho wako ni hapa, usivuke. Kanada, tangu Novemba 2024, mpaka ni saa 24 kwa wiki katika kipindi cha masomo kwa kazi za nje ya chuo. Ujerumani ni siku 140 kamili au nusu siku 280 kwa mwaka. Marekani mwanafunzi hufanya kazi ndani ya chuo chake, isiyozidi saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea, na kutoka nje ya geti kunahitaji kibali maalumu. India, ambako vijana wetu wengi wamesomea famasia, kompyuta na biashara, viza ya mwanafunzi haimpi ruhusa ya ajira. Anayevuka mipaka hiyo hafanyi kosa la kuombewa radhi na mjomba. Anavunja sharti lililompa haki ya kuwa pale, na anaweza kurudishwa nyumbani akiwa amebakiza muhula mmoja.

Nasema haya nami nikiwa na dhambi ya kukiri. Mpwa wangu alikwenda Uingereza kusomea shahada ya uzamili katika uhandisi wa maji. Uzamili wa kule aghalabu ni mwaka mmoja tu, mwaka uliobanwa kama gunia la korosho. Hata kiangazi, wakati wengine wako likizo, yeye anaandika tasnifu, na sheria huuhesabu muda huo kuwa wa masomo. Mimi sikuyajua hayo, wala sikuuliza. Niliomba mchango wa msiba, akatuma. Niliomba ada ya binti yangu, akatuma. Kisha nikaomba mabati ya nyumba, bando mbili, nikamwambia asiharakishe, huku nikipiga simu kila Jumapili.

Alipata zamu za usiku ghalani, kubeba boksi kama wasemavyo vijana, na zamu nyingine akazifanya kwa jina la mtu mwingine, alipwe mkononi. Mungu alimsitiri, hakukamatwa. Lakini kila Alhamisi asubuhi wenzake darasani walipelekwa kutembelea mitambo ya kusafisha maji, wakazungumza na wahandisi na kuacha majina yao. Yeye Alhamisi alikuwa amelala, ametoka zamu. Alihitimu. Akapata viza ya wahitimu, akaanza kuomba kazi ya maji, na kila alikofika aliulizwa swali moja: umewahi kufanya nini katika fani hii? Miaka miwili ikaisha yuko palepale ghalani, kisha akarudi. Tukiwa barazani hakunilaumu. Alitazama juu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mjomba, yale mabati yalikuwa Alhamisi zangu."

Ndugu msomaji, neno hilo limenikaa kifuani, na ndilo lililonifanya nizisome kwa makini sheria za kazi baada ya masomo. Nilichokigundua ni kwamba mahafali, ambayo sisi huku tunayadhania kuwa mlango wa mavuno, kwa mwanafunzi mgeni ni saa ya mchanga iliyogeuzwa. Uingereza ilifungua njia hiyo ya viza ya wahitimu Julai 2021, ikampa mhitimu miaka miwili na mwenye uzamivu mitatu. Watakaoomba kuanzia Januari 1, 2027 watapata miezi 18, isipokuwa wenye uzamivu. Ujerumani humpa mhitimu hadi miezi 18 ya kutafuta kazi inayolingana na elimu yake. Kanada hutoa kibali cha kazi cha hadi miaka mitatu, aghalabu kwa kadiri ya urefu wa masomo, na kibali hicho hutolewa mara moja tu maishani. Marekani hutoa miezi 12 ya kufanya kazi inayohusiana na fani, na waliosomea sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati wanaweza kuongezewa 24. Lakini katika ile miezi 12 ya mwanzo, asiye na kazi akizidisha siku 90 amepoteza nafasi yake.

Muda huo ukiisha, hatua inayofuata ni nzito zaidi. Kwa Uingereza, mhitimu lazima apate mwajiri mwenye leseni ya kuajiri wageni, kazi ya kiwango cha taaluma, na mshahara ambao tangu Julai 2025 kiwango chake cha jumla ni pauni 41,700 kwa mwaka, ingawa mhitimu mpya hupunguziwa. Boksi halimfikishi mtu hapo. Kinachomfikisha ni mwalimu anayemjua kwa jina, kazi ya mafunzo aliyoifanya kiangazi, mtambo alioushika kwa mikono yake. Vyote hivyo hupatikana akiwa bado mwanafunzi, katika saa zilezile tunazomnyang'anya kwa simu za Jumapili. Tunadhani tunamwomba pesa, kumbe tunamwomba kazi yake ya kesho.

Najua nitajibiwa. Wako watakaosema: ametumia mali ya ukoo, ni haki alipe. Kweli, ni haki. Lakini mwembe hautikiswi ukiwa na maua. Anayeutikisa hapati embe, na msimu umeshapita. Subira ya miaka mitatu au minne si msamaha wa deni, ni njia ya kulilipisha.

Wengine watasema: tukimwacha bila kumdai, atasahau kwao. Hapa nawakumbusha mfano aliokuwa akiutoa Mwalimu Nyerere, aliyewahi kuwa mwanafunzi mgeni mwenyewe, akasoma Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, kisha akarudi kufundisha Pugu. Aliwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta chakula. Asiporudi na chakula ni msaliti. Tumezoea kuutumia mfano huo kuwakemea wasomi, na wanastahili. Lakini utazameni tena kwa upande wetu. Wanakijiji walimpa chakula chote, wakamwacha aende. Hawakumwita nusu ya njia awamegee tonge. Kama wangemwita, asingefika, na kijiji kizima kingekufa kwa njaa.

Wala kurudi nyumbani si dawa ya uzembe wa huko. Wangari Maathai aliondoka Kenya mwaka 1960, enzi za safari za wanafunzi alizozianzisha Tom Mboya, ambazo mwaka mmoja kabla zilipeleka Marekani vijana 81 kwa ndege moja. Alisoma Kansas, kisha Pittsburgh. Mwaka 1966 alirejea Nairobi na barua ya ajira mkononi, akaambiwa nafasi amepewa mtu mwingine. Fikiria uchungu wake. Lakini alikuwa amejifunza kule ufundi wa kuandaa tishu za viumbe kwa ajili ya hadubini, ufundi uliokuwa ukihitajika katika idara ya anatomia ya mifugo, na profesa mmoja Mjerumani akamchukua. Mwaka 1971 akapata uzamivu, na mwaka 2004 akapokea Nobeli ya Amani. Barua ilimtupa, ufundi haukumtupa. Kijana wetu akirudi na shahada isiyo na ufundi, atashika nini barua ikimponyoka?

Basi nifanye nini, atauliza mzazi. Kwanza, kikao kile cha Septemba kihesabu hadi mwisho wa masomo. Tusimpeleke mtoto kwa ada ya mwaka mmoja tukitumaini kwamba mingine atajilipia kwa boksi. Kama fedha haitoshi, asubiri mwaka, au atafute ufadhili, au asome hapa nyumbani, na asionwe mnyonge. Pili, kikao kiape mbele yake kwamba hatadaiwa chochote hadi ahitimu na apate kazi. Misiba na harusi tutazibeba sisi tuliobaki. Tatu, ateuliwe mtu mmoja wa kuzungumza naye kwa niaba ya ukoo, ili simu zisimwangukie kama mvua ya mawe. Na simu hiyo imwulize jambo ambalo wengi wetu hatujawahi kuliuliza: umejifunza nini wiki hii?

Nawe kijana, ukiondolewa mzigo usijitwishe mwingine wa anasa. Kabla hujalipa senti, hakikisha chuo na kozi vinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, au na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ukiwa Mkenya, usije ukarudi na cheti ambacho nyumbani hakina jina. Soma masharti ya viza mwenyewe, kwa macho yako, katika tovuti ya serikali husika, maana wakala anayelipwa uondoke halipwi ufanikiwe. Saa ulizoruhusiwa, zitafute kwanza maabara, maktaba na ofisini mwa walimu wako. Mshahara unaweza kulingana na wa ghalani, ila huko ndiko utakakojulikana. Siku ya kwanza chuoni uliza ilipo ofisi ya kusaidia wanafunzi kupata ajira. Usiingoje siku ya mwisho. Na ujifunze kusema "sina" kwa heshima. Mjomba atanuna, lakini atakunjua uso.

Ama kuhusu kubaki au kurudi, sitamwamulia mtu. Aliyebaki akafanya kazi ya taaluma yake kwa halali, akakuza ujuzi na kuwakumbuka wazazi wake, hajatenda kosa. Aliyerudi naye hajashindwa, na tuache kumtazama kwa jicho la pembeni aliyeshuka na begi moja. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ninalolitaka ni kwamba achague akiwa na ufundi mkononi, asisukumwe na kibali kilichokwisha.

Mwaka huu mdogo wake yule mpwa wangu, binti, amepata chuo, na yeye ni maji hayohayo anayafuata. Tulikaa kikao, nikasimama mbele ya ukoo nikaeleza niliyoyaeleza hapa, na kaka yake akiwa amekaa mlangoni ananisikiliza. Upande wa jiko wa nyumba yangu haukuwahi kuezekwa upya, na masika hii umeanza kuvuja. Mke wangu ameniuliza tufanyeje. Nimemjibu kwamba tutakinga ndoo. Alhamisi za mtoto huyu sizigusi.