Feza ya chungu si feza ya pari

GOMA – Kila Jumamosi mchana, mbele ya vyumba vya pari mjini Goma, wanaume wanasimama, koponi mkononi na macho kwenye simu. Kuna motari, kuna mwanafunzi, na kuna baba aliyekimbia vita na kuacha shamba lake Masisi ao Rutshuru. Huyu wa mwisho ndiye hatari inamgusa zaidi.

Wengi wanasema watu hao ni wavivu. Si kweli. Baba asiye na shamba wala kazi, mwenye franka 2 000, anajua kwamba hizo hazimfikishi mbali. Koponi ya michezo minane inamwahidi zaidi ya 50 000. Ni wazo la mtu anayetafuta njia. Ubaya uko ndani ya koponi.

Mfano: michezo minane, kila mmoja kwa kota ya 1,50. Ukizidisha zote inafika karibu 25,6. Tuseme kampuni inajikatia 6 kwa kila 100. Kwa mchezo mmoja, 94 zinarudi kwa wachezaji. Lakini kwa koponi ya michezo minane, makato hayo yanakatwa mara nane, na kinachorudi ni kama 61 tu. Koponi ya namna hiyo inapita mara moja hivi kwa 42. Anayecheza moja kila juma analipa 84 000 ili apate 51 000.

Na hiyo ni hesabu ya kati tu. Mmoja atashinda juma la pili, na kartie nzima itasikia jina lake. Lakini kwa kila wachezaji 100 wa namna hiyo, 8 hivi watamaliza miaka miwili bila koponi hata moja kupita. Hao hakuna anayewataja. Ndiyo maana ushindi unaonekana kuwa karibu kuliko ulivyo.

Kuna wanaosema dawa ni kuongeza mara mbili kila ukipoteza: 500, 1 000, 2 000, mpaka ushinde. Ukipoteza mara saba mfululizo, franka 63 500 zimekwenda, na kumbe ulikuwa unafuata faida ya 500. Kupoteza mara saba si ajabu: kwa mchezo wa nusu kwa nusu, inatokea mara moja kwa 128. Mwenye kucheza kila siku atakutana nayo.

Hata kule Marekani, ambako mashini moja nzuri ya poka inarudisha 99,54 kwa kila 100 kwa mtu anayecheza bila kosa, karibu 2 kati ya hizo zinatoka kwa mkono mmoja mkubwa unaokuja mara moja kwa mikono 40 000 hivi. Wachezaji wa kule wanatenga mfuko wa kungojea: feza ambayo ikiisha, hakuna mtoto anayelala njaa. Ni shauri zuri kwa mwenye mshahara. Familia iliyohama haina mfuko huo. Ina chungu, ina karo ya shule, ina mtaji wa mama anayeuza sombe na mkaa kando ya barabara. Siku mtaji huo ukiliwa na koponi, mama hatapata wa kumkopesha mwingine.

Jambo linazidi kuwa gumu kwa sababu feza ya msaada mara nyingi inaingia kwa simu, na simu hiyohiyo ndiyo inayocheza pari. Usiku mmoja unatosha. Heri baba na mama wapatane kabla feza haijafika, na simu ikae kwa mama siku hiyo. Sehemu kidogo iende AVEC, ambako sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Huko haiongezeki kwa haraka, lakini hakuna anayeifungua peke yake usiku wa manane.

Na wenye vyumba vya pari waandike ukutani, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, ni franka ngapi kwa kila 100 zinazorudi kwa wachezaji. Bei ya unga inaandikwa. Hii nayo ni bei.