HUKUMU BILA YA USHAHIDI



Mwenye kukohoa akija dukani kwangu kutaka antibiotiki, mimi humrudisha. Wapo wanaonicheka kwa kuikataa faida. Na wacheke! Mimi si kadhi wa kumhukumu mdudu nisiyemwona.

Tazameni yaliyowapata mabingwa wenyewe. Mwaka 1892, Bwana Richard Pfeiffer wa Ujerumani alikiona kijidudu katika makohozi ya wagonjwa wa homa ya mafua, akakitangaza kuwa ndicho chanzo cha maradhi. Wengi wakasadiki. Mafua yalipofyeka mamilioni ya roho mwaka 1918, zilitengenezwa chanjo za kukipinga kijidudu hicho, wala mafua hayakuzuilika. Mwaka 1933 ndipo wataalamu wa London walipomnasa mkosa wa kweli: virusi, visivyoonekana kwa darubini ya kawaida. Kijidudu kile kina dhambi zake, maana huwaletea watoto nimonia. Lakini kosa la mafua kilisingiziwa, na hata leo kinaitwa Haemophilus influenzae.

Ikiwa bingwa mwenye darubini alikosea, sembuse muuza duka? Antibiotiki haiui virusi. Huwafunza bakteria ukaidi. Na kifua kikuu, ambacho Robert Koch alikidhihirisha chanzo chake mwaka 1882, hujificha nyuma ya vidonge vya kubahatisha huku kikiambukiza nyumba nzima.

Basi twadai: mwenye kikohozi kisichokoma apimwe makohozi kwanza, dawa ifuate. Wenye maduka tuseme hivyo, hata kama droo itabaki tupu.