Chapo zetu na msitu wa kisiwani

Amka mapema usimame karibu na mpaka hapa Busia, utawaona jamaa wa baiskeli wakivuka na mitungi ya mafuta ya kupikia kutoka Uganda. Bei ya kule ikiwa poa, mama wa kibandani hukaangia chapo mafuta hayo hayo. Mimi hula mbili na maharagwe, siulizi swali. Leo naomba tuulize.

Mawese ya Uganda mengi yametoka Bugala, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ssese, ndani ya Ziwa Victoria. Matunda hukamuliwa huko, mafuta husafishwa Jinja, na kutoka Jinja barabara ni hii yetu. Katikati ya miaka ya 2000, serikali ya Uganda na kampuni ya Oil Palm Uganda Limited walianza kupanda michikichi pale, na msitu ukafyekwa kupisha maelfu ya hekta. Sitadanganya, kuna watu walifaidika. Barabara ilitengenezwa, wakulima wadogo wakapata soko la uhakika. Mvuvi aliyechoka kurudi na mtumbwi mtupu ataniambia ninyamaze, na sina jibu la haraka la kumpa.

Shida yangu ni ufuo. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 zinataka mita 200 kutoka Ziwa Victoria ziachwe bila kuguswa. Pale Bugala kumekuwa na malalamiko ya miaka kwamba michikichi iliingia ndani ya mita hizo. Sasa mvua ikinyesha, mbolea na udongo vinaenda wapi? Vinaenda penye samaki huzalia. Na ngege hana pasipoti, wasee. Ziwa la Bugala ndilo la Sio Port, Port Victoria na kisiwa chetu cha Sumba.

Kabla hatujawacheka majirani, tujipime. Kanuni zetu za maji za 2007 ziliishia mita 30 kutoka ziwani. Chukua trela mbili kwa foleni ya Malaba, zipange moja nyuma ya nyingine kuelekea ziwani. Ya mbele tayari imelowa kichwa. Hiyo ndiyo nafasi tuliyoliachia ziwa ambalo Mei 2020 lilijaa hadi kuvunja rekodi, likaingia kwa nyumba za watu. Budalang'i hawahitaji kuelezwa na blogu.

Ndiyo maana nasema Busia tudai mita 200 kama za Uganda, na visiwani zisiguswe kabisa, kabla hoteli na maploti hayajafika Sumba. Yakishafika, utaambiwa mwekezaji ana karatasi zote.

Karatasi pia hufutwa. Mradi wa makaa ya mawe wa Lamu, megawati 1,050, ulikuwa na leseni ya NEMA. Watu wa Lamu, wavuvi wakiwemo, walienda kwa jopo la kitaifa la mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa vilivyo. Walikuwa wamepigana miaka kadhaa, wengi wao bila cheo chochote.

Sisi tukiona tangazo la NEMA gazetini tunaruka hadi kwa Arsenal. Lile tangazo linaomba maoni yako, na lina siku za mwisho. Andika hata kwa Kiswahili cha mtaani. Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini kupima mita 200 hakuhitaji digrii.

Jumamosi naenda Sio Port na utepe wa fundi, nipime nyumba na vibanda vya ufuoni kimoja kimoja, nipeleke orodha kwa MCA. Boda inabeba mmoja zaidi.