Kijishughuli cha Mwanamke Nacho ni Biashara

Muulize mwanamke wa kwetu Pwani kama ana biashara, atakujibu kuwa hana. Muulize basi anaishije, naye atasema, "Nina kijishughuli changu." Kijishughuli hicho ndicho kinachomwamsha saa tisa za usiku akande unga, ndicho kinachowanunulia watoto madaftari, ndicho kinacholipa kodi ya chumba Majengo au Kisauni, na bado hakijapewa jina la biashara. Biashara, kwa lugha ya mitaa yetu, ni ya mwanamume mwenye duka na kibao mlangoni. Mimi naona kosa linaanzia hapo kwenye jina, kwani kitu kilichokwisha kuitwa kijishughuli hakuna anayefikiria kukipa rasilmali, wala daftari, wala ulinzi.

Na shughuli zenyewe si haba. Pita Mji wa Kale jioni uone viazi vya karai, bajia, kashata na mabuyu. Wako wanaopika achari, wanaopaka maharusi hina, wanaochukua leso madukani wakazitembeza majumbani kwa mkopo, malipo nusu leo na nusu mwisho wa mwezi. Kwale na Kilifi utawakuta kina mama wakishona makuti, na hoteli nyingi za ufukweni zimeezekwa kwa makuti. Upande wa Lamu wako wanaotia kofia nakshi kwa sindano, tundu kwa tundu, na kofia moja huweza kuchukua miezi kabla haijafika kichwani mwa mwenyewe. Nawaomba radhi waungwana wavaaji, lakini mnapovutana bei ya kofia ya mkono, mjue mnavutana na macho ya mtu.

Wako wanaodhani kwamba mwanamke Mwislamu kufanya biashara ni mambo ya juzi, yaliyoletwa na wafadhili. Hao hawajaisoma sira vizuri. Bi Khadija binti Khuwaylid, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, alikuwa mfanyabiashara wa Makka kabla ya kuolewa na Mtume, na bidhaa zake ndizo ambazo Mtume, rehema na amani zimshukie, alizipeleka Sham. Wanasira hueleza kwamba Bi Khadija alikuwa akiwapa watu mali wakaifanyie biashara kwa kugawana faida. Mwenye mali anatoa mali, mwenye nguvu anatoa kazi, kinachopatikana hugawanywa kama walivyoagana. Wanavyuoni wanauita mpango huo mudharaba, na nitaurudia hapo mbele.

Hapa kwetu nako kumbukumbu zipo. Mwanahistoria Margaret Strobel alitoa kitabu mwaka 1979, Muslim Women in Mombasa, 1890-1975, na ndani yake tunawaona bibi zetu wakimiliki nyumba na mashamba kwa majina yao wenyewe. Tunaviona pia vyama vya lelemama. Wengi wetu tukisikia lelemama tunakumbuka ngoma, mashindano na vijembe. Lakini vyama vile vilikuwa na vyeo, vilikuwa na michango, na vilikuwa na adabu ya kumrudi mwanachama aliyekwenda kinyume. Mwanamke aliyeweza kukusanya michango ya kundi zima, akalisha umati wa wageni, na hesabu isipotee njiani, huyo alikuwa akijua kuendesha shirika. Kwamba fedha zile ziliishia vyunguni na kwenye sare ni shauri jingine. Ujuzi ulikuwapo, na hata leo upo, nenda tu ukawatazame kina mama wakicheza mchezo wa kupokezana fedha kila wiki. Hawana karani wala polisi, na zamu haipotei.

Sasa tuitazame hesabu, maana mambo haya yakisemwa bila ya hesabu huwa hotuba. Tuchukulie, kwa mfano tu, mama muuza mahamri. Unga kilo nne shilingi 400, sukari nusu kilo 80, nazi nne 200, mafuta lita moja 300, iliki na hamira 60, makaa 100. Jumla 1,140. Akipata mahamri 150 na kuyauza shilingi kumi kumi, mkononi mna 1,500. Faida ni 360, na hiyo ni siku ambayo hakuna lililomwagika, hakuna lililolala, na hakuna jirani aliyesema, "Niandikie, nitakulipa Ijumaa."

Zile 1,140 ndizo rasilmali. Zikirudi zote kesho asubuhi, biashara ipo. Zikipungua hadi 900, kesho kutwa unga ni kilo tatu, na wiki ijayo kilo mbili. Nimewaona wengi wakifa kifo hicho cha polepole, na ukiwauliza watakwambia wateja wamepungua. Aghalabu wateja hawakupungua. Rasilmali imeliwa nyumbani.

Imeliwaje? Hapa akina baba watanikunjia nyuso, lakini lazima tuseme. Baba anatoka asubuhi bila ya kuacha matumizi kwa kuwa anajua mama ana "kijishughuli". Mtoto akirudishwa nyumbani kwa ada, mama atazame kwenye kopo lake. Umeme ukikatika, kopo. Mgeni akija, kopo. Wapo pia wenye kukopa kopo lenyewe, "nitakurudishia Jumatatu", na Jumatatu hiyo haijaandikwa katika kalenda yoyote. Najua wako waume waliokosa kazi bandarini au baharini, ambao wanaumia kwa kutokuwa na cha kutoa; hao siwasemi. Nasema wale wenye nacho, waliogeuza jasho la mke kuwa haki yao.

Sheria yetu haikulificha jambo hili. Nafaka ya nyumba, yaani chakula, mavazi na makazi, ni juu ya mume hata kama mke ni tajiri. Mali ya mke ni yake, iwe aliirithi, aliipata katika mahari, au aliichuma kwa kuuza mahamri. Akitaka kumsaidia mumewe, ni hisani yake. Mnakumbuka habari ya Bi Zaynab, mke wa Abdullah bin Mas'ud, aliyetaka kujua kama itafaa amtolee mumewe na mayatima alio nao nyumbani. Jibu la Mtume lilikuwa kwamba ana malipo mawili, ya ujamaa na ya sadaka. Basi kama ni sadaka, haiwezi kuwa deni linalodaiwa kwa ukali mlangoni.

Wachumi nao wamelifikia jambo hilo kwa njia yao. Huko Sri Lanka, de Mel, McKenzie na Woodruff waliwapa wenye biashara ndogo ndogo fedha au vifaa vya thamani ya rupia 10,000 au 20,000 bila ya kuwadai. Walipotoa matokeo kwa wanaume na wanawake mwaka 2009, faida za wanaume zilikuwa zimepanda, na za wanawake, kwa wastani, hazikupanda. Wepesi wa kusema wangesema kwamba mwanamke hajui biashara. Lakini uchunguzi mwingine uliotolewa mwaka 2019 ulizirudia hesabu hizo pamoja na nyingine za India na Ghana, na ukaonyesha kwamba fedha aliyopewa mke mara nyingi huishia katika biashara ya mume. Katika nyumba ambamo biashara ya mwanamke ndiyo pekee, rasilmali yake ilizaa. Kwa hiyo anayetaka kumsaidia mama wa mahamri na asitake kuzungumza na baba wa nyumba hiyo, anamimina maji kwenye pakacha.

Nimeisikia hoja ya kwamba mikopo ipo tele, wanawake wenyewe ndio hawachukui. Ni kweli mikopo ipo. Serikali ilianzisha hazina ya wanawake wenye biashara mwaka 2007, ikikopesha vikundi bila ya riba, kwa ada ya asilimia 5. Hustler Fund ilipozinduliwa Novemba 2022 ilikuwa na riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Tangu 2008 tumekuwa na benki zinazofuata sharia hapa Kenya. Lakini muuza mahamri hana hati ya nyumba wala risiti, na mkopo mwepesi unaomfuata hadi mlangoni ni ule wenye riba kubwa, wa kulipa kila wiki, na ukishindwa jiko na televisheni vinabebwa mchana kweupe majirani wakitazama. Mwanamke wa Kiislamu basi hubaki kati ya mambo mawili: aingie kwenye riba huku moyo ukimsuta na amfiche hata mama yake, au akae na kilo zake mbili za unga. Hilo si chaguo la kumwachia mtu peke yake, halafu tukamhukumu kwenye baraza.

Na hata riba ukiiweka kando, mkopo si dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 2015 zilitolewa kwa pamoja tafiti za nchi sita, zikiwamo Morocco, Ethiopia na Bosnia, kuhusu mikopo midogo midogo. Hazikuona umasikini ukiondoka. Ziliona mabadiliko ya kiasi tu, huyu kapata nafasi ya kupumua, yule kabaki alipokuwa. Mkopo humfaa zaidi aliyekwisha kusimama. Aliye chini kabisa anahitaji kitu kisichodaiwa kwanza.

Na kitu hicho tunacho. Kila Ramadhani tunaona mafoleni nje ya maduka na majumba ya matajiri, wazee na wajane wakingojea juani noti moja na pakiti ya unga. Tajiri amekwisha kutoa zaka yake, maskini amekula siku mbili, na mwakani wanakutana tena mahali pale pale. Sisi wa Pwani ni watu wa madhehebu ya Imamu Shafi. Imamu Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu hayo aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika al-Majmu kwamba fukara mwenye kazi ya mikono hupewa cha kununulia vyombo vya kazi yake, viwe vya bei ndogo au kubwa, na mwenye kuzoea biashara hupewa rasilmali ya kumtosha. Miaka zaidi ya mia saba imepita tangu ameandika, nasi bado tunagawa noti za mia mia kwenye foleni.

Nawaomba mashekhe wetu walisomeshe suala hili mapema, katika Rajabu na Shaabani, kabla matajiri hawajaenda kuvunja noti. Mshonaji apewe cherehani, mpishi apewe jiko na karai na unga wa mwezi, muuza leso apewe korija yake ya kwanza iwe mali yake, si ya mwenye duka. Asiye mstahiki wa zaka lakini ana kazi inayotaka kukua, kwa huyo ndipo ile mudharaba ya Bi Khadija inapofaa: mfanyabiashara mmoja wa mtaa atoe mali, mama atoe kazi, faida igawanywe, na hasara isiyo ya uzembe iwe ya mwenye mali. Na vipo vitu vinavyoweza kuwekwa wakfu kwa matumizi ya wengi. Tumezoea wakfu wa kisima na wa msikiti. Cherehani tatu za wakfu katika chumba cha madrasa wakati wa adhuhuri, watoto wakiwa hawapo, nazo zingefanya kazi kubwa.

La mwisho ni ufunguo. Mwaka 1991 huko Maradi, nchini Niger, shirika la CARE lilisaidia kuanzisha vikundi vya kina mama walioitwa kwa Kihausa Mata Masu Dubara, wanawake wenye werevu. Wengi wao ni Waislamu kama sisi. Hawakupewa mtaji wa nje. Waliweka akiba yao kidogo kidogo, wakakopeshana, na mwisho wa muda wakagawana kilichopatikana. Vikundi vya namna hiyo vimeenea Afrika nzima, na desturi yao ni kuweka sanduku moja lenye kufuli tatu, kila ufunguo na mwanamke wake, na aliyekaa na sanduku hana ufunguo hata mmoja. Ada wanayotozana juu ya mkopo sisi tunaweza kuiacha, na sanduku likabaki.

Kamati za misikiti zitakapoanza kuandika majina ya wa kusaidiwa, basi na funguo zisiwe zote mifukoni mwa kanzu. Waliotunza zamu za mchezo miaka yote hiyo bila ya karani wanajulikana kila mtaa, kwa majina.